Stadi Kumi Ndefu

Kwa miezi saba gari lilikaa uani chini ya turubai, na mwenyewe alilipita kila asubuhi akienda kazini kama mtu anavyompita mbwa asiyemwamini.

Majirani walimwita Fundi Pampu. Alifanya kazi kwenye kituo cha kusukuma maji, mwaka wa kumi na tisa huo, na hapakuwa na pampu pale ambayo hajawahi kuilaza chini akaipasua tumbo. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Walijuana siku alipoitwa kumtengenezea cherehani iliyokwama, akairudia kuikagua mara tatu ingawa ilipona mara ya kwanza. Tangu hapo waliitana "fundi", mke kwa mume na mume kwa mke, hadi majirani wakawatania kwamba nyumba ina mafundi wawili na mlango wa choo bado haufungi.

Hawakujaliwa mtoto. Waliyemlea ni mdogo wake mke, ambaye walimchukua akiwa na miaka minane, baba yao alipofariki. Walimsomesha hadi akaingia chuo cha ukunga, na Fundi Pampu akamfundisha kuendesha gari. Mbele za watu alimwita Fundi Pampu "shemeji". Wakiwa nyumbani, akitaka kumchekesha, alimwita "baba wa kupanga".

Siku binti alipomaliza chuo, Fundi Pampu ndiye aliyekwenda kumchukua, pamoja na godoro lake na sanduku la bati, ampeleke kwa mama yake ng'ambo ya mlima. Alikuwa ametoka zamu mbili mfululizo kwa sababu mwenzake aliugua. Barabara ya kwenda huko inashuka mlima mrefu wenye kona nyingi. Chini kabisa, pale barabara inaponyooka, gari liliparamia trela lililoegeshwa pembeni, likajikita upande wa abiria. Yeye alitoka na mbavu mbili zilizovunjika. Shemeji yake hakutoka.

"Breki zilichemka," alisema akiwa bado amelala kando ya lami. Akawaambia hivyo askari. Akamwambia hivyo mkewe hospitalini. Mvua ilikuwa imenyesha mchana ule, kwa hiyo hapakuwa na alama za matairi za kumbishia, na wala hakuna aliyetaka kumbishia. Msibani mama mkwe alimshika kichwa kwa mikono miwili, naye mwanamume mwenye mvi akiwa amepiga magoti mbele yake, akamwambia, "Ajali haina kinga, mwanangu. Ila usinishukie tena mlima ule na breki zile. Zibadilishe."

"Nitazibadilisha, mama," akaapa.

Fundi wa bodi alilinyoosha gari, akalivalisha mlango wa rangi nyingine, kisha likarudishwa uani kwa kuburutwa na kamba. Halikuwa limewashwa tangu siku ile. Halafu mama mkwe akatuma ujumbe kwamba miguu imemvimba na anataka kuwaona wote wawili. Jumamosi iliyofuata Fundi Pampu akavua turubai.

Breki alizonunua zilitoka kwenye gari la aina ileile lakini kubwa zaidi: disk mbili, sahani za chuma pana kama sinia, na kalipa zake, zile taya za chuma zinazobana disk. Jirani yake Kokoto, dereva wa lori la mchanga aliyepata jina hilo kwa mzigo wake, alikuja na jeki ya pili, akazizunguka zile disk akizitazama.

"Fundi, hizi ni za basi au za gari?" akauliza. "Gari lako sasa litasimama hata likisikia mtu kakohoa."

Fundi Pampu alicheka kidogo. Mkewe, aliyekuwa kizingitini akipinda pindo la sketi ya mteja, naye akatabasamu bila kuinua macho. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu uani pale kusikika kicheko.

Akafungua gurudumu la mbele. Akafungua kalipa ya zamani, akavuta pedi, vile vibao vinavyosugua disk, akagonga disk hadi ikaachia. Akaigeuza kwenye mwanga wa jua.

Alikaa nayo mkononi.

Chuma kilichochemka hakijifichi. Yeye alikuwa ameziona shafti za pampu zilizokosa mafuta, zimegeuka buluu na zambarau kama jicho lililopigwa ngumi, na rangi ile haitoki kwa kuoshwa wala kwa kusahauliwa. Disk hii ilikuwa na kutu nyepesi ya kukaa tu. Aliifuta kwa kidole gumba, na chini yake chuma kilikuwa cheupe. Pedi nazo zilikuwa nene, uso wake mkavu na safi, bila kung'aa kama kioo, bila ufa, bila harufu. Hizi zilikuwa breki ambazo siku ile, mlimani kote, hazikuombwa kazi kubwa.

Alifungua upande wa pili haraka, akiwa na tumaini ambalo hata yeye lilimtia aibu: kwamba huko angalau ataikuta ile rangi. Huko nako chuma kilikuwa cheupe.

Akavifunika vyote kwa gunia, akavisukuma nyuma ya pipa la maji, akaendelea na kazi.

Mtu angeuliza kwa nini hakuacha. Lakini kuacha kungehitaji sababu, na sababu ilikuwa chini ya gunia. Akapachika disk mpya, akafunga kalipa mpya, akainua gurudumu kulijaribu. Lilipozunguka likatoa mkwaruzo wa kutia ganzi menoni. Kalipa ilikuwa inagusa rimu kwa ndani.

"Weka spesa," Kokoto akasema. "Duara la chuma katikati ya habu na rimu. Gurudumu linatoka nje kidogo, linapumua."

"Nikiweka spesa, stadi hazitoshi."

Stadi ni zile nondo fupi zinazotokeza kwenye habu, kile kitovu kinachobeba gurudumu, ambazo gurudumu huning'inia kwazo na nati zikalikaza. Alipojaribu spesa, stadi ilichungulia kidogo tu upande wa nje. Nati ilizunguka mara nne, ikaisha.

"Mizunguko minne," Kokoto akatikisa kichwa. "Hapo gurudumu litakupita barabarani na kukupungia mkono."

Basi Fundi Pampu akatembea hadi duka la vipuri, akarudi na stadi ndefu kumi na za akiba mbili. Akavua tena disk. Akaanza kuzitoa za zamani kwa nyundo, akizipiga kutoka mbele ili zitokee nyuma ya habu. Stadi haishikwi kwa nati peke yake. Shingoni ina meno yanayouma chuma cha habu, na inapokuwa imekaa miaka mingi huwa kama jino la mtu mzima. Alipiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alipiga mpaka Kokoto akamwambia, "Polepole, Fundi, habu haijakutukana." Hakusikia, au alisikia akapiga tu.

Zile ndefu zilikataa kuingia kwa nyuma, kwa sababu kile kibati cha kukinga vumbi kiliziziba. Akakikata kipande kwa msumeno. Akaingiza ya kwanza, akaivalisha washa tatu zilizopakwa grisi na nati ya zamani iliyogeuzwa kichwa chini, akaanza kuikaza ili ivutwe hadi meno yake yaume. Habu ikawa inazunguka pamoja na spana.

"Fundi, njoo unishikie," akamwita mkewe.

Mkewe akaweka sketi kando. Akapachika nondo katikati ya stadi mbili, akaegemea kwa uzito wake wote, habu ikatulia. Waliifanya kazi hiyo kwa muda wa saa nzima, yeye akikaza, mke akizuia, bila maneno mengi, na kwa mtu aliyewaona kutoka nje walikuwa mke na mume wanaopatana. Stadi ya tatu ilizunguka bure. Meno yake yalilika na ikawa inacheza ndani ya tundu lake kama kijiti ndani ya chupa. Akaitoa, akaitupa, akaweka ya akiba. Jasho lilimdondoka hadi kwenye grisi.

"Mbona leo unakosea?" mkewe akauliza.

"Njaa."

"Si umekula sasa hivi?"

Wakahamia upande wa pili. Ili kupiga magoti vizuri, mke akatafuta kitu cha kuweka chini, akaliona gunia nyuma ya pipa, akalivuta. Disk za zamani zikabingirika na kulia juu ya saruji, na pedi zikafuata.

Kokoto alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunywa maji. Akaokota pedi moja kwa mazoea tu, kama mtu anavyookota karanga iliyoanguka. Akaipima unene kwa ukucha. Akaigeuza.

"Hii ilikuwa bado na mwaka mzima mbele yake," akasema. "Mbona unaitupa nzima hivi? Ningekuta moja kama hii kwenye lori langu, ningelala usingizi."

"Ndizo zilizochemka hizo," mke akamwambia.

"Hizi? Hapana, shemeji. Breki iliyochemka hata kipofu anaijua kwa pua. Hizi hazija…"

Akasita. Akamtazama Fundi Pampu, ambaye alikuwa ameinamia habu na hakuinua kichwa. Kokoto alikuwa mtu wa maneno mengi lakini hakuwa mjinga. Akaiweka ile pedi chini taratibu, karibu na zile nyingine, akasema amekumbuka kuna tairi anatakiwa kuliangalia. Jeki yake aliiacha. Alisahau hata kuaga.

Mke aliikunja sehemu ya gunia, akaipigia magoti, akashika nondo. "Kaza," akasema. Akakaza. Stadi ya sita, ya saba, hadi ya kumi. Kila mara ilipoingia hadi mwisho, sauti ya chuma ilibadilika ikawa nzito, naye akasema "tayari", na mke akachomoa nondo na kuipachika kwingine. Fundi Pampu alitamani stadi zisiishe.

Zikaisha.

Baada ya disk na kalipa kurudi mahali pake ilibaki kutoa upepo kwenye mabomba ya breki, na hiyo ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa ndani akikanyaga, mwingine hulala chini akifungua na kufunga kiskurubu cha kalipa, mpaka mafuta yatoke bila povu. Mke akaingia, akaketi kwenye kiti cha dereva. Yeye akalala ubavu chini ya tao la gurudumu, chupa ya kukingia mafuta mkononi. Kutoka pale hakumwona uso. Aliona tu mlango wa rangi nyingine ulioachwa wazi na, ng'ambo ya kiti kitupu cha abiria, ncha ya kanga yake.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia." Akafungua. Mafuta yakatoka na mapovu. Akafunga. "Achia."

"Nimeachia."

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Siku ile," sauti ya mkewe ikasema kutoka juu, taratibu, kama mtu anayeuliza kipimo cha kiuno, "wewe ulikanyaga?"

Mkono wake ulikuwa umekwisha kufungua. Mafuta yakatiririka, yakajaza chupa, yakammwagikia kiganjani, na alisikia pedali ikishuka hadi sakafuni, na mguu wa mkewe ukabaki pale pale, umeshikilia kama alivyoambiwa.

Alikumbuka kona ya mwisho na mawe yake yaliyopakwa chokaa. Alikumbuka kibati chekundu nyuma ya trela. Katikati ya mawe na kibati palikuwa patupu, na miezi yote saba alikuwa amepajaza breki mahali pale, akizitia moto mwenyewe hadi zikachemka.

"Sikukanyaga," akasema.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nililala."

Ile ncha ya kanga ikavutwa, ikatoweka.

"Alikuomba usukani?"

"Aliniomba. Juu, kabla hatujaanza kushuka. Alisema, 'Shemeji, macho yako mekundu, nipe mimi.' Nikamwambia njia hii naijua kama mfuko wa suruali yangu."

"Funga hicho kiskurubu," mke akasema. "Mafuta yanamwagika."

Akafunga. Akamsikia akishuka, akafikiri atamjia, hata kwa teke, na angelipokea. Hakumjia. Alikwenda bombani akanawa mikono kwa sabuni, kidole kimoja kimoja, akanawa tena.

"Malizia gari," akasema akiwa amempa mgongo. "Kesho tunakwenda kwa mama. Utamwambia kwa mdomo wako. Mimi sitabeba uongo wako kwenda nao kule, na ukweli wako pia sikubebei."

"Fundi…"

"Usiniite hivyo."

Kutoa upepo wa upande wa pili, Kokoto ndiye aliyekuja kumsaidia, akakanyaga na kuachia bila mzaha hata mmoja. Fundi Pampu akapachika spesa, akarudisha magurudumu, akakaza nati kwa mpango wa nyota kwa spana ya kipimo, kila moja hadi ilipolia. Alizirudia mara mbili. Kila nati ilizunguka mara kumi na moja. Kazi ilikuwa nzuri, hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile, naye aliitazama akatamani kuivunja.

Jumapili asubuhi mkewe alikaa kiti cha nyuma. Walipofika kileleni akafunga macho. Fundi Pampu alishuka kwa gia ya pili na breki zile kubwa zikalishika gari kama mkono wa mzazi unavyoshika mkono wa mtoto barabarani, bila kutetemeka, bila harufu, kona kwa kona. Pale chini, kwenye barabara iliyonyooka, hapakuwa na trela wala alama. Mwanamke mmoja alikuwa anapita na ndoo kichwani. Alisimamisha gari kumpisha, na likasimama pale pale.

Mama mkwe aliwapokea akiwa amekaa, miguu juu ya kigoda. Alifurahi. Alimuuliza mkwe wake kama breki zimebadilishwa, naye akasema ndiyo, mama, zimebadilishwa. "Mungu akubariki," akasema. Mke akabaki amesimama karibu na mlango, mkoba begani.

Hapo Fundi Pampu akaketi sakafuni na kumweleza. Alidhani angepata maneno ya kuanzia mbali lakini hakuyapata, akaanzia mwisho. Alisema alilala, breki hazikuwa na kosa, na mtoto aliomba usukani akamnyima. Alisema yote hayo huku akitazama vidole vya miguu vya yule mama, vilivyovimba hadi kucha zikazama.

Bibi yule alipapasa goti lake.

"Mwanangu alikuwa macho?" akauliza mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Unajuaje, na wewe ulikuwa umelala?"

Hilo hakuwa amemwambia hata mkewe. "Aliniita. Sauti yake ndiyo iliyoniamsha. Aliita 'shemeji', na nilipofungua macho trela lilikuwa limekwisha kufika."

Mkewe pale mlangoni akatoa sauti ndogo, akaiziba kwa ncha ya kanga.

"Kwa hiyo mwanangu aliiona ajali ikija," mama akasema. Hakulia. "Mimi nilikuwa najiambia labda hakuona. Miezi yote hii nalala kwa hilo tu. Kwamba breki zilikatika, ikawa ghafla, hakuona." Akavuta pumzi. "Ungeniachia hilo. Ungesema yote, hilo ukaniachia."

"Uliniuliza, mama."

"Nimekuuliza, ndiyo." Akainamisha kichwa. "Nenda nyumbani kwako. Sikulaani. Sina nguvu hiyo. Ila sitaki kukuona."

Fundi Pampu akainuka. Mkewe akamwachia njia mlangoni bila kumgusa. Alimngoja mkewe garini hadi jua likawa utosini, kisha akatoka mtoto wa jirani kuja kumwambia kwamba mkewe amesema asisubiri.

Mkewe alibaki siku ile, na wiki ile, na mwezi ule. Alipiga simu mara moja tu kumwelekeza ni nguo zipi za wateja zimekwisha, nani apewe ipi. Alisema kila jina mara mbili ili aandike vizuri. Mumewe alipotaka kumwambia jambo lingine, yeye akasema, "Hiyo ya kijani inadai vifungo viwili," akakata.

Jumatatu moja Fundi Pampu aliomba ruhusa kazini, akaenda kituo cha polisi kule chini ya mlima. Askari wa zamu alitafuta jalada muda mrefu, akalikuta.

"Hili limefungwa, mzee wangu. Hitilafu ya breki. Unataka nini tena?"

"Nataka kubadilisha maelezo yangu."

"Kuna mtu kakutuma? Kuna mtu anakudai fidia?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Breki hazikuwa na kosa. Nililala."

Askari akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akalifunga lile jalada, akaweka kiwiko juu yake. Akasema mkubwa aliyelishughulikia amehamishwa, na aliyepo yuko kwenye kikao, akamwonyesha benchi. Fundi Pampu akaketi kati ya mwanamke aliyeibiwa kuku na mzee aliyepoteza kitambulisho. Yule mwanamke aliitwa akaenda. Mzee naye akaitwa. Wakaja wengine, wakasogeana, wakaitwa. Saa nane askari wa zamu akabadilishana na mwenzake, akachukua kofia yake na kupita mbele ya benchi bila kugeuka, na yule mpya akamuuliza Fundi Pampu kama kuna anayemsubiri.

"Nasubiri kuandika maelezo," akasema.

"Ya nini?"

Akaanza kumweleza upya, tangu mwanzo.